Kalenda ya Ulimwengu wa Kubuni: Mwongozo kwa Mtunzi wa Fantasia

Fantasia, yaani utanzu wa bunilizi ambao matukio yake hutukia katika ulimwengu usiofungwa na kanuni za ulimwengu huu, humpa mtunzi uhuru wa kupanga milima, falme na viumbe apendavyo, lakini uhuru huo hupata mpaka pale mhusika wa kwanza anapoahidi kurudi baada ya siku kadhaa, kwa kuwa kuanzia hapo msomaji huanza kuhesabu. Mtunzi ambaye hajaamua siku ya nchi yake inaanza lini, mwezi wake una siku ngapi na mwaka wake unageuka vipi hujikuta akikosea umri wa wahusika, urefu wa safari na majira ya mavuno. Mwongozo huu unaeleza hatua za kuunda kalenda ya ulimwengu wa kubuni, uwe wa riwaya au wa mchezo wa kuigiza wahusika mezani, na hoja inayouongoza ni kwamba kalenda yenye uhai haitokani na hesabu zinazogawanyika sawasawa bali na zile zinazobakiza. Siku, mwezi na mwaka ni mizunguko mitatu isiyolingana, na namna jamii inavyolishughulikia salio la mizunguko hiyo ndiyo inayozaa sikukuu, migogoro na mamlaka ya kutangaza tarehe.

Ieleweke kwamba si kila kazi inahitaji kalenda kamili. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, imeiweka nchi yake angani bila kumweleza msomaji jua la nchi hiyo linachomoza wapi, na haipungukiwi na kitu, kwa sababu lengo lake ni fumbo kuhusu utawala na haki. Kalenda huhitajika pale ambapo hadithi inategemea safari ndefu, vita vinavyofuata majira, deni lenye tarehe, mimba, urithi au unabii wa siku fulani.

Kuchagua namba za mwanzo

Siku ni muda ambao sayari hujizungusha mara moja kwenye mhimili wake, mwezi ni muda kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine, na mwaka ni muda ambao sayari hulizunguka jua lake. Duniani mwezi mwandamo huchukua takriban siku 29.53 na mwaka wa jua takriban siku 365.24, kwa hiyo miezi 12 ya mwandamo hufikisha siku 354 na kuacha pengo la siku 11 hivi, na sehemu kubwa ya historia ya kalenda ni historia ya pengo hilo.

Mtunzi achague kwanza namba mbili, yaani siku za mwaka na siku za mwezi, na ahakikishe kwamba ya pili haiigawanyi ya kwanza bila kubakiza. Kwa mfano utakaotumika katika mwongozo huu wote, na tuchukue ulimwengu ambao mwaka wake una siku 340 na mwezi wake una siku 28, ambapo miezi 12 hutimiza siku 336 na kubakiza siku 4. Salio hilo dogo linatosha kuendesha ulimwengu mzima, kama itakavyoonekana.

Kabla ya kuendelea, namba hizo zijaribiwe kwa maisha ya mtu. Kijana wa miaka 20 katika ulimwengu huo ameishi siku 6,800, ambazo ni kama miaka 18 na miezi saba ya hapa duniani, na tofauti hiyo ni muhimu iwapo hadithi ina umri wa kuoa, wa kuapishwa au wa kurithi kiti. Iwapo mtunzi ataongeza mwezi wa pili angani, wenye mzunguko wa siku 20, basi mara tu miezi hiyo miwili ikipevuka usiku mmoja itapevuka tena pamoja kila baada ya siku 140, jambo ambalo wachawi, wavuvi na wezi hawatakosa kulizingatia. Mwezi pia huvuta bahari: kwa kawaida bamvua, yaani maji makuu, hufuata mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huangukia katikati, hivyo kijiji cha pwani kitahesabu siku zake kwa maji hata kama hakina mtu anayejua kusoma.

Njia tatu za kulishughulikia salio

Njia ya kwanza ni kuziweka siku zilizobaki nje ya miezi. Wamisri wa kale walikuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku 5 za nyongeza mwishoni mwa mwaka. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mabaharia na wakulima walitumia mwaka wa jua wa siku 365, unaoanza siku ya Nairuzi, uliogawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, ambapo miongo 36 hutimiza siku 360 na siku 5 husalia. Kwa hesabu hiyo walijua lini pepo za kaskazi na za kusi zinatarajiwa na lini shamba litayarishwe. Kwa kuwa hesabu hiyo haikuwa na mwaka mrefu, yaani mwaka unaoongezewa siku moja, siku ya Nairuzi husogea nyuma kwa takriban siku moja kila miaka minne ikilinganishwa na mwaka halisi wa jua. Watunzi wa fantasia wamekuwa wakiipenda njia hii: kalenda ya Harptos, inayotumika katika ulimwengu wa Forgotten Realms wa mchezo wa Dungeons & Dragons, ina miezi 12 ya siku 30, kila mwezi ukiwa na mafungu matatu ya siku kumi, na sikukuu tano zimepachikwa kati ya miezi bila kuhesabiwa ndani ya mwezi wowote.

Njia ya pili ni kusubiri salio likusanyike hadi litimize mwezi mzima, kisha mwezi huo uongezwe. Kalenda ya Kiyahudi huongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba katika kila miaka 19, kwa sababu miezi 235 ya mwandamo hukaribiana sana na miaka 19 ya jua. Katika ulimwengu wa mfano hesabu ni nyepesi zaidi: siku 4 zikizidishwa kwa miaka 7 huwa siku 28, kwa hiyo kila mwaka wa saba huwa na miezi 13, na miaka hiyo 7 hutimiza miezi 85 kamili. Mwezi huo wa ziada ni mali kubwa kwa mtunzi, kwani lazima aamue kama wafanyakazi hulipwa mshahara wa mwezi huo, kama kodi hutozwa, na mtoto aliyezaliwa ndani yake huadhimisha lini siku yake ya kuzaliwa.

Njia ya tatu ni kuliacha salio liende zake. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi peke yake, hivyo Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Katika ulimwengu wa mfano, miaka 85 ya mwezi hulingana na miaka 84 ya jua, maana yake ni kwamba sikukuu ya mwandamo iliyoangukia masika wakati wa utoto wa mzee itakuwa imeingia kiangazi cha utu uzima wake na kurudi masika akiwa karibu na kaburi.

Hakuna sababu ya ulimwengu mzima kufuata njia moja. Wakulima wa bonde wanaweza kushika njia ya kwanza kwa sababu mvua haisubiri mwezi, wavuvi wa pwani njia ya tatu kwa sababu nyavu zao hufuata maji, na mji mkuu njia ya pili kwa sababu ikulu inataka kuwatawala wote wawili. Papo hapo mgogoro unajitengeneza: mkulima akikopa fedha kwa mfanyabiashara wa pwani na kuahidi kulipa baada ya mwaka mmoja, atadaiwa siku nne kabla ya siku anayoijua yeye, na mkopeshaji anayetoza riba ya kila mwaka atakuwa amejipatia mwaka mzima wa ziada ndani ya vizazi vitatu. Hakimu atakayesikiliza kesi hiyo atalazimika kuamua mwaka ni wa nani.

Mwanzo wa siku na mgawanyo wa saa

Baada ya mwaka na mwezi, mtunzi aamue tarehe inabadilika wakati gani. Katika hesabu ya Kiislamu na ya Kiyahudi siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku hutangulia mchana wake; katika hesabu ya kiserikali ya nchi nyingi siku huanza saa sita usiku; na saa za Kiswahili huhesabiwa tangu jua kuchomoza na tangu jua kuzama, saa kumi na mbili kwa kumi na mbili. Uamuzi huu si wa mapambo. Iwapo mfalme ameuawa usiku na sheria inasema mrithi lazima awe amezaliwa kabla ya siku ya kifo, urithi utategemea kama usiku ule ulihesabiwa pamoja na jana yake au na kesho yake.

Hesabu ya kuanzia macheo huenda vizuri karibu na ikweta, ambako mchana na usiku karibu vinalingana: Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja. London, mchana wa katikati ya kiangazi huzidi saa 16 na ule wa katikati ya baridi huwa chini ya saa 8, na saa zinazoanza na jua zingeyumba kila juma. Jamii ya kubuni iliyo mbali na ikweta inaweza kulitatua jambo hilo kwa saa zisizo sawa, ambapo mchana hugawanywa katika mafungu yale yale kwa idadi lakini kila fungu hurefuka wakati wa kiangazi na kufupika wakati wa baridi. Warumi wa kale walifanya hivyo, na Japani ilitumia saa za namna hiyo hadi ilipohamia kalenda ya Gregori mwaka 1873. Vilevile mtunzi atafakari ni nani anayeitangaza saa, kama ni mwadhini, mpiga ngoma, kengele ya bandari au jogoo, kwa kuwa nchi isiyo na saa za mkononi hupanga miadi kwa sauti na kwa kivuli.

Juma na siku ya mapumziko

Juma, tofauti na siku, mwezi na mwaka, halina mzunguko wa angani linaoutegemea, bali hutokana na soko, ibada na kazi. Waigbo wa Nigeria wana juma la siku nne, Eke, Orie, Afo na Nkwo, linaloendana na zamu za masoko ya vijiji. Katika ulimwengu wa mfano juma la siku nne lingeingia mara 7 katika mwezi na mara 85 katika mwaka bila kubakiza chochote, ilhali juma la siku saba lingelingana na mwezi lakini si na mwaka, kwani mwaka wa siku 340 una majuma 48 na siku 4 juu yake. Hapa mtunzi anaweza kuona thamani ya kuwa na majuma mawili yanayopishana, moja la soko na jingine la hekalu, na siku adimu ambayo yote mawili yanaanza pamoja.

J. R. R. Tolkien, katika kiambatisho kinachohusu kalenda mwishoni mwa The Lord of the Rings, alionyesha suluhisho la kupendeza. Hobiti, watu wa nchi ya Shire katika hadithi hiyo, wana miezi 12 ya siku 30, siku mbili za Yule zinazogawanya mwaka na mwaka, na siku tatu za katikati ya mwaka, jumla 365. Kisha marekebisho yao yakaiondoa siku ya katikati kabisa ndani ya hesabu ya juma, ikabaki haina jina la siku. Zilizosalia ni siku 364, ambazo ni majuma 52 kamili, na kwa hiyo kila tarehe huangukia siku ile ile ya juma mwaka hadi mwaka. Ni kalenda ya watu wanaopenda utulivu, na tabia yao inasomeka ndani ya hesabu yao.

Onyo ni kwamba juma ni gumu kulibadilisha kuliko mwaka. Wanamapinduzi wa Ufaransa waliingiza mwaka 1793 kalenda yenye mafungu ya siku kumi badala ya majuma, pamoja na siku ya saa 10 zenye dakika 100 kila moja. Matumizi ya lazima ya saa hizo yalisitishwa mwaka 1795 na kalenda yenyewe ikafutwa kuanzia 1 Januari 1806, na miongoni mwa yaliyowakera watu ni kupumzika siku moja katika kumi badala ya moja katika saba. Muungano wa Kisovieti ulijaribu juma la siku tano mwaka 1929, wafanyakazi wakigawanywa makundi yenye siku tofauti za mapumziko ili mitambo isisimame, hali iliyowafanya watu wa nyumba moja washindwe kupumzika pamoja. Ukahamia siku sita mwaka 1931 na kurudi kwenye siku saba mwaka 1940. Mtawala wa kubuni atakayebadili juma basi apewe upinzani unaoanzia jikoni na sokoni, si kwa wasomi peke yao.

Majina na hesabu ya miaka

Kosa la kawaida ni kuyapa majina yote ya miezi asili moja, kama vile miezi 12 iliyoitwa kwa majina ya miungu 12. Kalenda halisi ni mchanganyiko. Kwa desturi ya Waswahili, miezi ya Kiislamu huhesabiwa tangu kumalizika kwa mfungo, kuanzia Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Tisa, kisha hufuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenye majina yake. Maulidi huangukia Mfunguo Sita. Mpangilio huo unamwonyesha mgeni mara moja ni mwezi upi ulio kitovu cha mwaka. Mtunzi anaweza kuiga kanuni hiyo kwa kuchagua tukio moja zito, labda mafuriko au kurejea kwa kundi la ndege, na kuifanya miezi mingine ihesabiwe kutoka hapo, huku miezi miwili au mitatu ikihifadhi majina ya kale ambayo hakuna ajuaye maana yake.

Kuhusu miaka, lazima iamuliwe inahesabiwa tangu lini na nani anakubali. Hesabu inaweza kuanza na uhamaji, kama Hijra ya mwaka 622, au na kutawazwa kwa mfalme, kama Japani ambako enzi ya Reiwa ilianza mwaka 2019. Watu wa kawaida, hata hivyo, mara nyingi hukumbuka miaka kwa matukio: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka wa vita vya Majimaji, na wadadisi wa sensa hutumia orodha za matukio ya namna hiyo kukadiria umri wa wazee wasio na cheti cha kuzaliwa. Katika riwaya, mwandishi wa ikulu ataandika namba na bibi wa kijijini atataja gharika, na msomaji atawatambua wote wawili kwa tarehe wanazozitaja.

Mwenye mamlaka ya kutangaza

Salio likishakuwepo, lazima awepo mtu wa kuamua litumike lini, na mtu huyo ana nguvu. Katika Roma ya kale makuhani ndio walioamua mwezi wa ziada uingizwe mwaka gani, nao walishutumiwa kwa kurefusha au kufupisha miaka kwa kuwapendelea viongozi waliokuwa madarakani. Hesabu ikavurugika kiasi kwamba Julius Caesar, alipoirekebisha, aliufanya mwaka 46 KK kuwa na siku 445. Papa Gregori XIII aliporekebisha tena, tarehe 4 Oktoba 1582 ilifuatiwa na 15 Oktoba katika nchi zilizomfuata, ilhali Uingereza ilisubiri hadi 1752, na kwa miaka 170 barua iliyovuka mlango wa bahari ilibadili tarehe njiani.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni mwandamo wa Idi. Wapo wanaosubiri mwezi uonekane nchini mwao na wapo wanaofuata tangazo la mwezi kuonekana mahali pengine, hivyo katika mtaa mmoja nyumba hii inaweza kuwa inapika pilau la sikukuu wakati jirani bado amefunga. Mtunzi ajiulize mawingu yakitanda usiku wa mwandamo nani anasadikiwa, ushahidi wa watu wangapi unatosha, na itakuwaje mtawala akiwa na sababu ya kutaka siku hiyo icheleweshwe.

Kuzijenga sikukuu

Sikukuu za kubuni hupwaya zinapoorodheshwa kwa jina na tarehe bila kazi. Kila sikukuu ijibu maswali manne: inaziba pengo gani katika kalenda au katika kazi, nani anagharimia, nani anaendelea kufanya kazi wakati wengine wanasherehekea, na ni kanuni gani ya kila siku inayolegezwa siku hiyo. Mwaka Kogwa, unaoadhimishwa Makunduchi, Unguja, kwa sasa katika mwezi wa Julai, unajibu maswali hayo vizuri. Pengo lake ni mpaka wa mwaka na mwaka. Wanaume hupigana kwa migomba mpaka kinyongo cha mwaka uliopita kitolewe hadharani. Kibanda cha makuti huwashwa moto. Wanawake waliovaa vizuri hupita wakiimba. Na kila nyumba hutarajiwa kuwa na chakula cha mgeni. Mgeni aliyekuwa haujui mji angeelewa kwa siku hiyo moja pande za mji ni zipi, wakubwa wake ni nani na ugomvi unamalizwaje.

Sikukuu pia hubadilika na utawala. Nchini Kenya, siku ya tarehe 20 Oktoba iliyokuwa na jina la Kenyatta ilifanywa Siku ya Mashujaa kwa Katiba ya mwaka 2010, tarehe ikabaki na maana ikapanuka. Katika kazi ya Tolkien, mwaka mpya wa ufalme wa Gondor uliwekwa 25 Machi, siku aliyoanguka Sauron, adui mkuu wa hadithi hiyo, na tarehe hiyo haikuwa ngeni kwa Waingereza, kwani kabla ya marekebisho ya 1752 mwaka wao wa kisheria ulianza siku hiyo hiyo. Mtunzi anashauriwa kuwa na angalau sikukuu moja ambayo wahusika hawakubaliani juu ya asili yake, ambapo makuhani wanasema ni ya mungu, wazee wanasema ni ya mavuno, na serikali imeshaiita kwa jina la jenerali.

Kuiingiza kalenda katika matini

Kazi yote hiyo ikikamilika, mtunzi aandike ukurasa mmoja wenye namba za mwaka na mwezi, njia ya kushughulikia salio, mwanzo wa siku, juma, majina na sikukuu zisizozidi sita, kisha ajizuie kuuhamishia wote ndani ya hadithi. Tarehe kamili zitumike katika barua, hukumu, mikataba na mazishi. Katika mazungumzo wahusika waseme kama watu wasemavyo, kwa soko lijalo, kwa bamvua, kwa kabla ya mvua. Orodha ya matukio ya hadithi ipangwe pembeni, kila tukio likiwa na siku yake na umbo la mwezi wake, maana msomaji makini atagundua mwezi mpevu uliotokea mara mbili ndani ya siku kumi. Tolkien mwenyewe alirudia kupanga matukio ya safari za wahusika wake ili mbalamwezi ilingane. Mwisho, kalenda ijaribiwe kwa kuondoa siku zile zilizosalia: iwapo siku 4 za ulimwengu wa mfano zinaweza kufutwa na hakuna deni, sherehe, urithi wala ugomvi unaobadilika katika hadithi, basi kalenda hiyo bado ni orodha ya majina tu, na mtunzi ana kazi ya kufanya kabla ya kuendelea na sura inayofuata.